Maji ya Kurudishwa Mtoni

Kila asubuhi Kosgei alituletea maji ya Mto Njoro hapa stesheni, na kila asubuhi alirudi mtoni na maji kidogo ndani ya kichungu cha shaba. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Mzee mzima, ana punda, ana mkokoteni, ana mapipa, halafu anapakata kichungu kama mtoto mgonjwa, anashuka nacho mtoni, anakimimina polepole palepale alipochota. Ukimuuliza alikujibu bila kugeuza kichwa, "Ni ya yule mama Muhindi. Amesema irudi kwao."

Mama Muhindi mwenyewe alikuwa Ranjan, mke wa Ishwarlal fundi wa saa, na jirani yake nilikuwa mimi, Eucabeth, mke wa Achola wa reli. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka lao. Kati yetu palikuwa na ua wa mabati, na bati moja liling'oka mwaka wa hamsini na sita, likaachwa hivyo hivyo kwa sababu wote wawili tulilipenda pengo lile. Waliomjua Ranjan husema alikuwa mpole. Hawakumjua. Alikuwa na sauti ndogo, hilo ni kweli, lakini ndani yake alikuwa mkaidi kuliko punda wa Kosgei.

Aliletwa kutoka kijiji cha karibu na Jamnagar akiwa bibi harusi, hajui hata neno moja la lugha yoyote ya huku. Kiswahili alikiokota kwa Kosgei na kwa wauza mboga, na alikisema alivyokiokota. Mara ya kwanza nilipomtembelea nilimpelekea viazi vitamu, vizuri, vimetoka kwetu Nyanza kwa gari moshi. Aliviangalia, akaunganisha viganja vyake, akasema, "Mama, pole sana. Sisi hapana kula hii. Hii natoka chini ya mchanga. Veve nachimba, dudu mingi nakufa." Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilimwambia Achola kwamba kuna mtu hapa jirani anahurumia minyoo na hanihurumii mimi niliyebeba kikapu.

Dini yao ilikuwa Jain. Si ya Wahindi wote, hata Wahindi wengine wa Njoro waliwaona hawa wamezidi. Kwao kila chenye uhai kina haki ya kukaa, hata kile usichokiona. Kwa hiyo maji ya Kosgei yakifika, Ranjan alitandika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili juu ya mdomo wa mtungi, akachuja. Kisha alikigeuza kitambaa na kukisuuza kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, na yale ya kusuuzia ndiyo yaliyoingia kwenye kichungu cha shaba. Maji ya mto yarudi mtoni, maji ya kisima yarudi kisimani. Ukiwamwaga wadudu wa mtoni kwenye kisima umewaua, kwa sababu si kwao. Mimi nilisikiliza haya yote nikitikisa kichwa kwa adabu, na nikifika kwangu nilicheka.

Hata mumewe alicheka. Ishwarlal alikuwa mtu wa kutania, ana lenzi yake ya kazi iliyofungwa kwenye paji la uso kutwa nzima, hata wakati wa kula. "Mimi nafungua saa, naona kila kitu iko ndani," alikuwa akiniambia mbele ya mkewe. "Maji hii nimeangalia na lenzi yangu. Iko maji tu. Mama Kokila nachunga ng'ombe hapana iko." Kokila ni binti yao. Alizaliwa msimu mmoja na mwanangu Hiram, mvua za masika zikipiga mabati, na ndipo urafiki wetu ulipokolea. Tulikuwa tukikaa penye pengo la ua, kila mmoja na wake kifuani, tunasema habari za meno na homa.

Sasa, kulikuwa na mzungu mmoja wa upande wa Mau aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, vitu vyake vikapigwa mnada Nakuru. Ishwarlal alikwenda kutafuta saa mbovu. Alirudi na hadubini ya shaba, skrubu yake imekwama, kioo chake cha chini kimelegea. Aliitengeneza mezani pake kwa uvumilivu ambao hata saa za reli hazikuupata. Halafu akaunda sanduku la kioo. Alichukua vioo vya kabati la duka lililovunjika, akavitia fremu ya bati, akaja kwa Achola kuomba lami ya kuziba kona. Kosgei alimletea mchanga wa mto na majani yale laini yanayoota majini. Lilipokuwa tayari, Ishwarlal alikipokea kile kichungu cha shaba mlangoni kabla hakijapanda mkokoteni, akakimimina ndani ya kioo. Akafanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi. "Vageni yako," alimwambia mkewe, "mimi nimejengea nyumba. Sasa tutaona kama iko mtu."

Ranjan hakukataa. Nadhani alitaka sana kuona. Alihakikisha tu kwamba maji ni ya mto uleule na majani ni ya mto uleule.

Kwa muda sanduku lile lilikaa dirishani jikoni likiwa la kijani kidogo, halina jambo. Kisha tukaanza kuona vidoadoa vyeupe vikirukaruka, vidogo kuliko mbegu ya wimbi. Na siku moja mchana, jua limepiga dirisha sawasawa, Ranjan aliniita penye pengo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Hiram. Kuja. Kuja upesi."

Nilifikiri mtoto ameungua. Nilipita pengo nikachana gauni. Ishwarlal alikuwa amesimama kando ya meza, lenzi kwenye paji, mdomo wazi, amekaa kimya. Hilo peke yake lilinitisha. Ranjan alinishika kichwa kwa mikono yake miwili akakiinamisha kwenye hadubini.

Mwanzoni niliona kope zangu. Halafu nikaona mnyama.

Nasema mnyama kwa sababu sina neno lingine. Alikuwa na jicho moja jekundu katikati ya uso. Alikuwa na pembe mbili ndefu, na mwili ung'aao ambao niliona ndani yake matumbo yakitembea. Nilipiga kelele, nikaruka nyuma, nikamgonga Ishwarlal. Maji yale nilikuwa nimeyanywa asubuhi. Nilikuwa nimeyanywa tangu nifike Njoro, na kabla ya hapo nilikunywa ya Mto Yala, na hakuna aliyeniambia.

"Wako wangapi?" niliuliza, nikiwa nimeshika tumbo.

"Hapana hesabu," alisema Ishwarlal polepole. Utani ulikuwa umemtoka wote.

Ranjan alikuwa anatabasamu. Alinirudisha kwenye hadubini, na safari hii alinielekeza nitazame mkiani mwa yule mnyama. Pale kulikuwa na vifuko viwili, kimoja kila upande, vimejaa vitu vya mviringo. "Mayai," alisema Ranjan. "Hii mama. Nabeba mtoto yake vote, huku na huku. Namna hii nafanya kazi, namna hii natembea." Alikuwa amembeba Kokila kiunoni wakati anasema. Sikujua nicheke au nilie. Nilitazama tena na nikaona kwamba kweli alikuwa mama, na alikuwa amechoka.

Laiti siku ile ingeishia hapo, na sisi kula chapati zake nyembamba na kwenda zetu. Lakini Ishwarlal alikuwa ameshindwa, na mtu aliyeshindwa mbele ya mkewe hutaka kusema neno la kumfurahisha. Akasema, "Haya, nakubali. Mama Kokila naokoa watu mingi kila siku. Sasa tuangalie maji safi ya mtungi, tuone vile kitambaa nafanya kazi." Ranjan mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchota, kwa kidole, tone moja tu. Alilibeba kama mtu aliyebeba cheti cha mtihani.

Aliinama. Nilimwona mgongo ukikakamaa.

Alikaa vile muda mrefu mpaka mtoto akaanza kumvuta shungi. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisogea kando, nami nikatazama. Wale wenye pembe hawakuwamo. Kitambaa kilikuwa kimewazuia. Lakini palikuwa pamejaa wengine, wadogo zaidi, waliopita katikati ya nyuzi. Wengine walikuwa bapa kama kandambili, wanateleza huku na huku. Mmoja alikuwa na nywele kichwani zinazozunguka kama magurudumu mawili, na chini yake, amelishikilia, palikuwa na yai moja.

"Hii pia mama," alisema Ranjan nyuma yangu.

Ishwarlal alianza kuongea Kigujarati haraka haraka. Alikuwa anambembeleza, hilo halihitaji mkalimani. Ranjan alimtazama kana kwamba anasikia mvua nje. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, nafikiri kwa sababu lugha ile haikuwa na mama yake ndani. "Mama yangu iko chuja. Mama ya mama yangu iko chuja. Vote nafikiri nasaidia. Kumbe nameza tu, Mama Hiram. Kila siku nameza."

Tangu saa ile aliacha kunywa maji.

Sikuamini. Nilidhani ni kinyongo cha jioni moja. Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye gunia la mchele, midomo mikavu. Hakutaka chai. Mumewe alisema maji yachemshwe, akamjibu, "Nachemsha nani?" Nikamwambia basi anywe maziwa, maziwa si maji. Akaniangalia kwa huruma, yeye ndiye ananihurumia mimi, akaniuliza kama simjui yule anayetuuzia maziwa. Nilimjua. Kila mtu Njoro alijua kwamba maziwa yale yalipitia mtoni kabla ya kufika kwetu. Alikula vipande vya papai, basi.

Ishwarlal alitaka kulimwaga lile sanduku la kioo nje. Ranjan alisimama mbele yake mikono imetandazwa. Ukimwaga ardhini unawaua, alisema, waache. Kwa hiyo likabaki dirishani, na kila tulipoingia jikoni tuliwaona wale wadudu wakirukaruka kwa raha zao huku mwenye nyumba anakauka. Mimi damu ilinichemka. Nilimwambia Achola kwamba nitavunja kile kioo kwa mchi. Achola akasema nisiingilie dini ya watu. Nikamwuliza ni dini gani inayomhesabu mdudu na haimhesabu mtoto.

Kwa maana mtoto alikuwa ameanza kulia. Kwanza kwa hasira, kama watoto wote. Baadaye kilio kikawa chembamba. Maziwa ya Ranjan yalikuwa yanakatika, na hakutaka kulisema. Nilimsikia Kokila kupitia bati, nikiwa nakata sukuma wiki. Mwanamke anayenyonyesha akisikia kilio kile mwili wake haumwombi ruhusa. Gauni langu lililowa kifuani nikiwa nimesimama pale pale.

Nilimlaza Hiram, nikapita pengo. Ranjan alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, mtoto magotini. Macho yake yameingia ndani. Sikusema hodi wala pole. Nilimchukua Kokila, nikakaa kwenye gunia la mchele, nikafungua vifungo na kumnyonyesha.

Wakati huo jambo kama lile halikuwapo. Mwafrika alibeba mtoto wa Muhindi, alimwogesha, alimbembeleza, lakini si hivyo. Hata mimi nilijishangaa. Mama mkwe wangu angesikia angeita wazee. Ishwarlal aliingia kutoka dukani na saa ya mtu mkononi, akatuona, akasimama kama aliyepigwa kofi. Kisha akageuka akatazama ukuta, na niliona mabega yake yakitikisika. Hakunizuia.

Ranjan pia hakunizuia. Alikuwa ametutumbulia macho tu, anasikiliza mwanawe akimeza.

Kunyonyesha kunakausha koo, na mimi nilikuwa nimemaliza kumnyonyesha wangu muda si mrefu. Nikamwomba Ranjan maji. Aliangalia mtungi wake, akaniangalia mimi, hakuinuka. Mkaidi. "Basi kaa na mtungi wako," nikasema. Nilijua atakataa, kwa hiyo nilikuwa nimekuja na kikombe changu cha bati, nimekiweka sakafuni penye mlango, kimejaa maji ya Kosgei kama yalivyotoka kwenye pipa. Nilijinyoosha nikakichukua kwa mkono mmoja. Nikanywa kwa mafunda makubwa, mtoto kifuani, na sikatai kwamba nilitaka anione.

Aliniona. Macho yake yalitoka kwenye kikombe yakaja kooni kwangu, yakashuka kifuani, yakasimama kwenye mdomo wa Kokila.

"Hiyo," aliuliza, sauti imekwaruza, "hapana chuja?"

"Haijachujwa. Sijachuja maji tangu nizaliwe."

"Iko yule ya jicho moja ndani. Iko mama na mayai yake."

"Inaweza kuwa. Wameshashuka."

Nilidhani atalia. Badala yake niliona akili yake inatembea hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na anaogopa kila kidato. "Mimi hapana kunywa," akasema hatimaye. "Sasa veve nakunywa kwa mimi. Veve nameza kubwa na dogo, yote. Kokila napata maziwa. Na dhambi nabeba veve."

"Mimi sina dhambi ya wadudu, Mama Kokila. Kanisani kwetu hawaiulizi."

"Hapana," alisema. "Hiyo ni yangu. Mimi nimekupa."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Alikuja akaninyang'anya kile kikombe mkononi, na kwa kweli nilifikiri atakitupa. Akachukua kitambaa chake cheupe. Hakukikunja mara mbili kama siku zote, alikikunja mara mbili halafu mara mbili tena. Akayachuja maji yaliyobaki katika kikombe changu, kidogo mno, pengine mafunda mawili. Akakisuuza kitambaa ndani ya kichungu cha shaba kwa uangalifu uleule, hakuacha pembe hata moja. Kisha akanirudishia maji yangu. "Kunywa," alisema.

Nikanywa.

Ndipo akachota kwenye mtungi wake. Alilishika bakuli kwa mikono yote miwili, akafumba macho, midomo ikasema maneno ambayo sikuyaelewa, akanywa. Alikunywa huku machozi yanamtiririka na kuingia bakulini, akanywa mpaka likaisha, akachota tena. Ile siku ya hadubini nilishtuka kwa kuona kilichomo ndani ya maji. Siku hii nilishtuka kumwona mtu anakijua kilichomo, kila mmoja na yai lake, na anakunywa ili mimi nisimnywee.

Baadaye Ishwarlal na Kosgei walilipakia lile sanduku la kioo kwenye mkokoteni, Ranjan akatembea kando yake njia nzima akilishika lisiyumbe, mpaka mtoni. Liliporudi tupu, Ishwarlal alilifanya kabati la kuonyeshea saa. Hadubini aliifunga kwa gunia akaiweka juu ya rafu, na sikumsikia tena akitania habari za maji.

Waliishi Njoro mpaka baada ya Uhuru, halafu wakahamia Uingereza kama wengi wao. Nilisikia Ranjan alifia huko, na kwamba watoto wa Kokila walishindwa kumzuia kusuuza kitambaa chini ya bomba na kuuliza maji haya yametoka mto gani.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile aliyokunywa, kabla Achola hajaenda zamu, nilimkuta Ranjan amesimama kwangu, amepita pengo na kitambaa begani, amenyooka kama askari. Hakuniomba ruhusa. Alitandika kitambaa juu ya mtungi wangu, akachuja maji yetu yote, na alifanya hivyo kila siku mpaka alipoondoka Njoro. Achola alilalamika kwamba maji yamepoteza ladha. Kosgei akawa anashuka mtoni na vichungu viwili mapajani, na watu wa stesheni, waliokuwa wamechoka kucheka, wakaanza upya. Walimuuliza cha pili ni cha nani.

"Ni ya Mama Hiram," Kosgei akawajibu, bila kugeuza kichwa. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikia kila neno, na sikukana.